Kikohozi Nyuma ya Ghala

Lugano alinipigia simu nikiwa nimekaa sebuleni kwangu Vwawa, ungo wa maharage mapajani, nachambua. Akasema, "Shangazi, bibi ametutoka. Amelala tu, hakuumwa. Tunakusubiri." Nikasema nakuja. Nikaweka ungo chini, na kabla hata machozi hayajanijia niligeuka kutazama mlango uliokuwa nyuma yangu, kuona kama kuna mtu amesimama. Hakukuwa na mtu. Kugeuka huko ni tabia niliyoipata kwa marehemu, Bibi Subila, kule Ibaba milimani Ileje, katika mwaka mmoja wa ujana wangu, na haijaniacha mpaka leo nimestaafu. Nikiwa nafundisha nilikuwa sikubali kusimama na mgongo wangu mlangoni. Wanafunzi walidhani ni maringo ya profesa. Ilikuwa hofu, na naomba niieleze taratibu, kwa sababu kazi yangu yote ilitoka ndani yake.

Habari za ukoo wetu huko Itaka nitaziacha; tulikuwa watu wa mahindi na kahawa kama wengine. Itoshe kujua kwamba nilikuwa mwimbaji wa kwaya, sijaolewa, na nilikuwa nimejiandikisha kufanya utafiti wa shahada ya pili kuhusu jambo ambalo hakuna mwalimu wangu aliyetaka kulisimamia: watu na miili yao, wanavyopendana, wanavyoambiana na wanavyofichana kitandani. Siku hizi jambo hilo lina jina, linaitwa ujinsia, lina somo lake na mitihani yake, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kulifundisha pale chuoni. Waandishi wakija kunihoji huuliza niliupata wapi ujasiri. Nawaambia ukweli na hawaandiki. Nawaambia kwamba mwaka ule nilikuwa naogopa nikiamka na naogopa nikilala, na kwamba maneno niliyotumwa kuyachunguza nilikuwa siwezi kuyatamka hata peke yangu nikiwa naoga.

Wakati ule Songwe haikuwa mkoa bado, tulikuwa Mbeya, na ugonjwa ulikuwa unapanda milima kutoka Tunduma. Vijana wa Ileje walishuka mpakani kupakia na kupakua malori, wakakaa kwenye vyumba vya kupanga nyuma ya foleni ile isiyokwisha, na wengine walirudi nyumbani wamebebwa. Hakuna aliyetaja jina la kilichowarudisha. Ilisemwa ni kifua, au ni kurogwa na wivu wa kazini. Nilipopeleka kibali changu kwa ofisa mmoja, alikisoma kwa sauti mbele ya makarani wake, akafika kwenye neno lililotaja mambo ya kitandani, akanitazama juu ya miwani. "Binti, hili unalijua maana yake, au umetumwa tu?" Makarani wakacheka. Mmoja akasema, "Mkuu, akianza kuuliza aanzie hapa ofisini, mimi sina aibu!" Nikacheka nao. Nikagongewa muhuri, nikatoka, nikatapika nyuma ya jengo.

Nilipangiwa kukaa kwa Mama Lugano. Jina lake ni Atupele, lakini tangu amzae Lugano hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa mama mkwe wake. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka michache, mwembamba, mcheshi, mume wake Ezekia akiwa mpakiaji Tunduma. Chumba nilichopewa kilikuwa na magunia ya viazi upande mmoja na kitanda changu upande wa pili, na baridi ya Ibaba iliingia kwa chini ya mlango na ukungu wake pamoja. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa na magimbi ya kuchemsha, mchana ugali na maharage, na kila kitu kilinukia moshi, hata Biblia yangu. Ng'ambo ya ua ilikuwa nyumba ya wakwe zake: Bibi Subila, ambaye tayari nilimwona mzee ingawa sasa najua hakuwa, na mumewe Mzee Yeremia, mzee wa kanisa, mrefu, mwenye koti la kaki na fimbo, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti wala kumwona akicheka.

Hapa inabidi nieleze desturi, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Kwenye familia ile, kama kwenye nyingi za milima ile, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Hawaangaliani, hawaongei, hawapishani njiani. Mmoja akimwona mwenzake kwa mbali, anaacha njia na kuingia majanini. Mama Lugano alikaa pale miaka minane na alikuwa hajawahi kuona uso wa Mzee Yeremia wote kwa pamoja. "Namjua viatu," aliniambia, akacheka mpaka akaziba mdomo kwa kanga. Na kwa kuwa ua ni mmoja, mzigo wa kukwepana umegawanywa. Mkwe hujificha, na baba mkwe hukohoa. Mzee Yeremia akitoka shambani, akiwa bado nyuma ya ghala la mahindi, alikohoa kikohozi kikavu, kirefu, na Mama Lugano alikuwa ameshaingia jikoni kabla mwangwi haujaisha. Mwanzoni kikohozi kile kilinishtua. Baadaye nikakizoea, kama mtu anavyozoea kengele ya shule.

Kazi yangu ilikuwa haisogei. Niliwakalisha wanawake mmoja mmoja kwenye kigoda mbele yangu, nikawauliza yale maswali niliyoyapanga vizuri chuoni, na wao wakatazama miguu yao. "Tunaishi vizuri, mwalimu." "Mume wangu hana neno." "Hayo mimi siyajui, waulize wa mjini." Nikiwapita kisimani walinyamaza. Kuna aliyeeneza kwamba maswali yangu ndiyo yanayoleta ugonjwa, kwamba ukishajibu tu umeshaupata. Niliposhuka Tunduma kununua sabuni na betri, vijana wa mikokoteni walikuwa tayari wananijua. "Sista wa maswali! Njoo uniulize mimi, najibu mpaka kwa vitendo!" Nilitembea haraka, uso umewaka, nikisikia mgongoni kwangu kila hatua ya mtu kuwa ni ya mtu anayenifuata.

Kilichobadilisha mambo ni mahindi. Mavuno yalikuwa yameingia, na wanawake wa jirani walikuja kusaidiana kupukuchua kwenye ua wetu, upande wenye jua, migongo yetu ikiwa imeegemea ukuta wa jikoni. Nikakaa nao nipate kuota jua tu. Nilikuwa sijui kupukuchua kwa haraka kama wao, wakanicheka, wakanifundisha kuanzia mstari mmoja wa punje na kuusukuma kwa gunzi tupu. Na mikono ilipokuwa kazini, macho yakiwa chini kwenye ungo, hakuna anayemtazama mwenzake usoni, maneno yalianza kutoka yenyewe. Mmoja alisema mume wake akirudi kutoka mjini ana mambo mapya kitandani na hataki kusema kayajifunza kwa nani. Wengine wakaguna. Mwingine akasema wake hana mapya wala ya zamani. Walicheka hadi punje zikamwagika. Sikuuliza swali hata moja. Nilipukuchua mpaka vidole vikatoka malengelenge. Miaka yote niliyofundisha, wanafunzi wangu wa kozi ile siku ya kwanza niliwapa mahindi wapukuchue, na walipouliza somo linaanza saa ngapi, niliwaambia sikilizeni wenyewe mnachoongea.

Siku ninayotaka kuisimulia tulikuwa wanne: mimi, Mama Lugano, na majirani wawili. Ezekia alikuwa ametuma salamu kwamba atapanda Jumamosi na lori la viazi. Mama Lugano akasema, bila kuinua macho, "Jumamosi mimi simpokei hivihivi."

"Humpokei vipi?" akauliza jirani mmoja.

"Gwamaka, kaka yake Ezekia, alikaa naye chumba kimoja kule Tunduma. Gwamaka tumemzika mwaka jana. Mimi ndiye niliyemwogesha alipokuwa hawezi, nilimwona mwili wote. Kile si kifua. Mimi nina mtoto. Akitaka mwili wangu, tutashuka wote hospitali tukapime damu kwanza. Akikataa, avae mpira. Akikataa mpira, alale na magunia ya viazi chumbani kwa mwalimu."

"Na mwalimu alale wapi?" nikauliza.

"Utakuja kulala na mimi, tutakumbatiana na baridi."

Wakacheka. Jirani wa pili akasema, "Shoga, hayo utamwambia kwa mdomo huo huo?" Mama Lugano akajibu kwa kuyataja, moja baada ya jingine, waziwazi, maneno yote ya mwili wa mwanamume na wa mwanamke ambayo atayatumia kumwelewesha mume wake, kwa lugha ya Kindali, ile ambayo ndani yake maneno hayo huwa hayasemwi kabisa. Alikuwa anajizoeza. Sauti yake ilitetemeka kwenye la kwanza, na kwenye la mwisho haikutetemeka tena.

Kisha kuku wawili wakakurupuka kutoka nyuma ya ghala, na niliinua kichwa. Kwenye pembe ya ghala kulikuwa na kiwiko cha koti la kaki. Hakikutikisika. Sijui kilikuwa pale kwa muda gani. Mama Lugano akafuata macho yangu, akaona, akajitupa chini kifudifudi juu ya mahindi, kanga kichwani. Majirani wakafanya vivyo hivyo. Mimi pekee nilibaki nimekaa wima kama mjinga, gunzi mkononi, nikamwona Mzee Yeremia akigeuka na kuondoka polepole kwa njia aliyojia.

Mtu asiye wa kule anaweza kufikiri kwamba ni aibu tu, itapita. Majirani walinieleza huku wakikusanya nyungo zao kwa haraka. Baba mkwe kusikia maneno yale kutoka kinywani mwa mkwe wake ni kama mzee amemvua mkwe nguo, au mkwe amemvua mzee. Mwanamke hurudishwa kwao. Na mtoto wa kiume habebwi, hubaki kwa ukoo wa baba. Mama Lugano hakulia. Aliingia jikoni, akapika ugali, akawapelekea wakwe zake kupitia kwa mtoto, kama kawaida. Ugali ulirudi haujaguswa.

Siku zilizofuata nilijua hofu ni nini hasa. Ua ulinyamaza. Mzee Yeremia hakukohoa tena, maana hakupita tena. Alizunguka kwa bondeni, mbali, na kile kikohozi nilichokuwa nakiona kero nikaanza kukisubiri kama mgonjwa anavyosubiri daktari. Majirani hawakuja. Mahindi yalibaki kwenye rundo yakipata umande. Chumbani, kupitia ukuta wa matofali mabichi, nilimsikia Mama Lugano akimfundisha mwanawe kufunga kamba za viatu, mara kwa mara, kwa upole uliopita kiasi. "Hivi. Halafu hivi. Ukiwa peke yako unaweza?" Mtoto akasema anaweza. "Nionyeshe tena." Niliuma shuka nisisikike. Asubuhi nilikuwa nimeshafunga begi langu. Nilimwambia, twende wote Tunduma, tupande lori, mtoto tumchukue. Alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nafukuzwa. "Wewe una pa kukimbilia, mdogo wangu. Mimi nikikimbia na mtoto nitakuwa mwizi. Fungua begi. Nisaidie kuanua mahindi." Nikafungua begi.

Ezekia alifika Jumamosi, akakuta kikao kimeshaitishwa nyumbani kwa baba yake. Walikuwepo Mzee Yeremia, ndugu zake wawili, Ezekia, na mimi niliyeitwa kama shahidi. Mama Lugano hakuweza kuingia, kwa sababu ya desturi ileile anayoshtakiwa kuivunja. Alikaa nje, chini ya dirisha, na Bibi Subila alikaa mlangoni kati yao, awe anabeba maneno ya ndani kuyapeleka nje na ya nje kuyaleta ndani. Chai ilimiminwa, hakuna aliyekunywa. Nilikuwa nimebana mikono katikati ya magoti. Nilijiambia kwamba nikiulizwa nitasema ni mimi niliyewachokoza, lakini sikuwa na hakika kama ulimi utafunguka.

"Haya, kaka," alianza Mzee Sila, mdogo wake Mzee Yeremia, mtu mnene mwenye sauti ya kuchoka. "Umesema umevunjiwa heshima. Mkwe wako amesema nini?"

Mzee Yeremia akatazama fimbo yake. "Amesema mambo."

"Mambo gani?"

"Mambo ambayo siwezi kuyataja."

"Sasa tutahukumu nini? Mwalimu, wewe ulikuwepo. Taja wewe."

Wote wakanigeukia. Nikasema, kwa Kiswahili, kwa sauti niliyoisikia kama ya mtu mwingine, "Alisema anataka yeye na mume wake wapime damu, wasije wakafa kama Gwamaka."

Ezekia akainamisha kichwa. Nje ya dirisha nilimsikia Mama Lugano akivuta kamasi. Niliona mkono wa Mzee Yeremia ukikaza kwenye fimbo, na nilidhani sasa ndipo atakaposimama na kutoa hukumu. Ndipo Bibi Subila alipoongea, akiwa palepale mlangoni. Hakuwa ameombwa.

"Baba Ezekia, mimi nina swali dogo. Siku ile, ulikohoa?"

Akarudia, taratibu, kama anauliza kama amekula. "Mkwe wetu amejificha miaka minane. Hata siku moja hajachelewa. Kujificha ni kwake, kukohoa ni kwako. Ulipofika nyuma ya ghala, ulikohoa?"

Mzee Yeremia alitazama chai yake. "Sikukohoa."

"Ulisahau?"

"Sikusahau." Akaweka fimbo sakafuni. Nilipoona anaiweka chini nilizidi kuogopa, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa sijawahi kumwona bila fimbo. "Gwamaka ameumwa ndani ya nyumba hii mwaka mzima. Kila niliyemuuliza aliniambia kifua. Wewe uliniambia kifua. Mchungaji aliniambia nisiulize, niombe. Nimemzika mwanangu sijui amekufa kwa nini. Siku ile nilifika pale, nikasikia mtu anasema kile si kifua." Akajifuta midomo. "Miguu ilikataa kwenda mbele na koo likakataa kukohoa. Nilitaka jambo hilo lisemwe na mtu mwingine, si mimi. Nilitaka nijue. Nikasimama mpaka akamaliza. Na yale ya mwisho ningeweza kuondoka nisiyasikie, sikuondoka."

Mzee Sila akavuta pumzi. "Kwa hiyo mbuzi wa faini, wa kusafisha ua, anatoka kwa nani?"

"Anatoka kwa mwenye masikio," akasema Bibi Subila, akageukia nje kupeleka habari dirishani kama ilivyokuwa kazi yake. Sikusikia alichomwambia Mama Lugano. Nilisikia tu kilio chake kikianza, kile ambacho hakukilia siku zote zile.

Jumatatu Mzee Yeremia alimchukua Ezekia kwa mkono, kama mtoto wa darasa la kwanza, wakashuka hospitali. Mama Lugano na mimi tulifuata nyuma kwa mbali, kuilinda desturi, tukijificha kila walipogeuka. Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Ezekia alikutwa na virusi. Mama Lugano hakukutwa navyo. Tuliporudi hakuna aliyejua afurahi au alie, tukala viazi vya kuchemsha kwa chumvi, kila mmoja kwenye sahani yake, na mwaka ule ukaisha hivyo, bila mtu kusema kwamba yamekwisha. Niliandika tasnifu yangu. Waliponihoji chuoni mmoja wa maprofesa alisema si elimu, ni umbea wa jikoni, lakini nilikuwa nimeshakaa kwenye kikao kibaya kuliko kile. Nikamjibu kwamba jikoni kuna watu wanaotaka kuishi.

Wiki iliyopita nilipofika msibani, ukungu ulikuwa uleule. Tulimlaza Bibi Subila karibu na mumewe, chini ya mibuni. Tulipotoka kuzika, wanawake walikuwa uani wanachambua mchele wa waombolezaji, nikapewa ungo, nikakaa kati ya Mama Lugano, ambaye sasa ana mvi na miwani, na mke wa Lugano, binti wa miaka ishirini na kitu, mjamzito. Binti alikuwa anamuuliza mama mkwe wake, macho yake yakiwa chini kwenye mchele, jambo la ndani kabisa kuhusu mimba na kitanda, na Mama Lugano alikuwa anamjibu bila kupunguza neno. Ezekia yuko hai. Dawa zilimkuta kabla ugonjwa haujammaliza, na sasa naye ni baba mkwe. Nilikuwa nimekaa nimeupa mgongo upande wa ghala, na nilipogundua hilo, nywele zilinisimama. Nikajizuia nisigeuke.

Kikohozi kikaja. Kirefu, kikavu, kutoka mbali kabisa, mbali kuliko inavyohitajika. Mke wa Lugano akashika ungo wake ainuke. Mama Lugano akamkamata mkono akamkalisha chini.

"Baba Lugano!" akaita, bila kugeuka. "Subiri hukohuko, hatujamaliza."

"Nasubiri," sauti ya Ezekia ikajibu kutoka nyuma ya ghala.

Akasubiri. Baridi ilikuwa kali, tulimsikia akipiga miguu chini ajipashe joto, na Mama Lugano akaendelea kueleza, taratibu, mpaka binti akaelewa.